Mashine Isiyo na Ukwe

Niliyoyashuhudia ni machache: mguu wangu uliovunjika nilipoteleza kwenye tuta la shamba la mpunga, na beseni la maji lililoachwa mlangoni. Habari za mashine yenye umbo la mtu, inayoogesha wazee, nilizisikia tu, nami si mwepesi wa kuamini ya kusikia.

Mimi ni mgane. Naishi Ifakara na mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe anafanya kazi Dodoma. Mkwe wangu alinihudumia vyema, ila kwetu mke wa mwana haoni maungo ya baba mkwe. Alipasha maji, akaweka beseni mlangoni, akaondoka. Peke yangu sikuweza kuinuka. Siku ya nne nilinuka, na nilijua. Alipokuja kuniamkia nilimwitikia nikiwa nimejifunika shuka hadi shingoni.

Mwanangu akapiga simu.

"Baba, siku hizi kuna mashine ina mikono kama mtu. Inamnyanyua mgonjwa hadi bafuni."

"Umeiona?"

"Nimeiona kwenye simu."

"Basi umeona simu."

Hata hivyo alinitumia video, nikaitazama mara tatu. Aliyenyanyuliwa alikuwa sanamu ya plastiki, isiyo na mguu unaouma. Lakini nakiri kwamba nilivutiwa. Mashine ile haikuwa mkwe wa mtu. Ingeletwa siku hiyo, ningeikaribisha ndani.

Asubuhi iliyofuata akaingia binamu yangu kutoka kijiji cha Kisawasawa, mtoto wa mjomba, ambaye kwa desturi ni mtani wangu. Mkwe wangu ndiye aliyemwita, kisha mkwe mwenyewe akashika njia ya sokoni.

"We mzee, unanuka kuliko mtumbwi wa kambale!"

"Nasubiri mashine."

"Umeme ukikatika itakuacha unaning'inia uchi, nami nitaita majirani waje washuhudie. Haya, inua mkono!"

Alinibeba, akanisugua kwa dodoki bila huruma, akinitukana nami nikimtukana, wala sikuona haya hata kidogo.

Kama mashine ingeniogesha vizuri zaidi, sina ushahidi. Jioni ile nilikula wali barazani nikiwa msafi, na mkwe wangu akaketi kizingitini kunisimulia habari za sokoni. Habari hizo sizithibitishi. Kuketi kwake nakuthibitisha.