Mwekezaji Asiyebishana Bei

Kila anayeingia kwangu siku hizi, kabla hajakaa, anachungulia dirishani na kusema mji umekua. Naona. Jua lenyewe linachelewa kuingia uani kwangu na linawahi kutoka, kwa sababu kulia kuna ghorofa, kushoto kuna ghorofa, na nyuma wanamwaga zege. Nyumba yetu imebaki katikati, nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na korido, bati limeota kutu.

Sikatai kwamba mji unakua. Nimeuza mchele na maharage sokoni Kariakoo tangu usichana wangu mpaka magoti yalipokataa kusimama. Nimeona magunia yakishuka kutoka Mbeya na Sumbawanga, na nimeona wanunuzi wakizidi mwaka hadi mwaka, mpaka wakaanza kuja Wakongo na Wazambia. Biashara ipo, hilo si uongo. Lakini mimi ni mtu wa mizani. Kitu kikinenepa, nauliza kinakula nini.

Nyumba aliiacha mama yetu. Tulibaki warithi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Kwa mirathi yeye ana mafungu mawili, mimi fungu moja, lakini hakuna anayeweza kuigusa bila mwenzake kukubali. Yeye anakaa Mbagala, kwake mwenyewe, bondeni. Mimi nakaa hapa. Chumba cha mbele tulikigeuza fremu ya duka, na aliyepanga ni mama mmoja wa Kilimanjaro, anauza sufuria na mabeseni kwa jumla. Kodi yake ndiyo inayotuendesha.

Yule mwekezaji aliyekuja kuitaka nyumba hakuanza na maneno ya nyumba. Alianza na misiba.

Hapa kwetu anayekula pilau ya harusi yako anaweza kuwa mtu yeyote tu, amepita amesikia ngoma. Lakini anayekuzikia, huyo ni wako. Hatumuulizi kabila wala ukoo. Akibeba jeneza na nyie, akatia udongo na nyie, akarudi akakaa mkekani na nyie, basi siku ya pili anaitwa ndugu. Tumezoea hivyo, na hatujajifunza kuogopa.

Yule mtu akawa anakuja. Mtu akifa mtaani, turubai na viti vinafika kabla hatujatuma mtu kuvikodi. Yeye mwenyewe anafuata nyuma, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, anaingiza bega kwenye jeneza bila kuombwa. Hakuna aliyejua ni mtoto wa nani. Wazee wakasema kijana ana adabu. Nami nilisema hivyo hivyo, sitaki kudanganya.

Kisha akafa shangazi yetu, aliyekuwa akikaa nami chumba cha uani. Siku ya khitma wanaume walikuwa mbele chini ya turubai wanasoma, na mimi nikatoka jikoni na sinia ya kaimati. Nikamkuta yule mtu uani, peke yake. Anatembea kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, hatua pana pana, na midomo inachezacheza. Nikadhani analeta uradi. Akafika mwisho, akageuka, akaanza upya kwa upande mwingine.

"Baba, unatafuta choo?"

Akashtuka. "Shikamoo mama. Hapana, nimetoka kupunga upepo kidogo."

"Marahaba. Siku hizi upepo unapimwa kwa miguu?"

Akacheka sana, akanipokea sinia, akaipeleka mwenyewe kwa wanaume. Nilibaki nimesimama pale. Pale uani ndipo tulipomwoshea shangazi, maji yalikuwa hayajakauka vizuri.

Ilipopita arobaini, mdogo wangu akaja asubuhi na uso wa mtu aliyeshiba. Akaniambia yule ndugu yetu wa misibani kumbe ni mwekezaji. Anataka tuingie ubia. Avunje nyumba, ajenge ghorofa la biashara, chini fremu, katikati stoo za wafanyabiashara, juu kabisa sisi tupewe nyumba zetu za kukaa, yake na yangu. Ujenzi ukiendelea atanipangishia chumba Ilala. Likiisha, narudi kuishi juu kama malkia.

"Na lisipoisha?"

"Dada, hebu acha. Mtu aliyembeba shangazi begani leo aje atudhulumu sisi?"

"Maiti haina cha kuibiwa. Kumbeba ni rahisi."

"Astaghfirullah, dada."

Mpangaji wangu alikuwa anapanga mabeseni mlangoni na masikio yote yako ndani. Akapenyeza kichwa koridoni. "Bibi, wewe hata ukipelekwa peponi utauliza nani aliyepiga plasta."

"Nitauliza. Na wewe ukivunjiwa fremu utauza wapi sufuria zako, mawinguni?"

Akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Akarudi kwenye mabeseni yake taratibu.

Nilisema namtaka mwekezaji aje nizungumze naye mwenyewe. Akaja Ijumaa baada ya swala, na mdogo wangu pembeni yake. Akavua viatu mlangoni, akakaa chini mkekani ingawa kiti kilikuwepo. Nikamwandalia chai. Mtu akiwa mgeni wako, unamshuku huku unammiminia chai.

Kabla sijaendelea, niseme kitu kimoja kuhusu Kariakoo kwa asiyeijua. Hapa thamani ya jengo iko ghorofa ya chini. Fremu ya chini inayotazama barabara, watu wanaitolea pesa ya kilemba kabla hata ya kodi, na wanagombea mpaka ngazi ya mlangoni pa kutandazia bidhaa. Ukipanda juu, thamani inapungua. Ndiyo maana wenye nyumba ndio wanaopewa juu kabisa, kule anakofika njiwa na fundi wa dishi. Basi nikakusudia kumtajia bei ya kumliza, kama nilivyokuwa nikifanya sokoni. Unataja juu, mteja anapiga kelele, anaondoka, anarudi, mnakutana katikati. Hapo ndipo unapomjua mtu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi magoti yangu hayapandi ngazi. Nataka kukaa chini. Chumba cha nyuma na ua wake, na mlango wangu mwenyewe wa kutokea barabarani, ili siku nikifa nitoke kwa jeneza, nisishushwe kama furushi."

"Hakuna shida, mama."

Nikamtazama. "Na fremu mbili za mbele ziwe zetu. Zile za barabarani."

Nilisubiri apaliwe na chai. Akanywa funda, akaweka kikombe chini.

"Hakuna shida, mama."

"Na huyu mpangaji wangu abaki kwenye moja, kwa kodi hii hii anayolipa sasa."

"Hakuna shida kabisa. Mama, sisi ni ndugu. Tumezikana."

Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu mpaka magego yanaonekana. Kule mbele nikasikia beseni limedondoka. Nikamwambia yule mgeni asante, nitafikiri. Akavaa viatu vyake, akaomba dua nzuri kwa marehemu wote wa nyumba ile, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa tu, mdogo wangu akanigeukia. "Haya. Umeomba, umepewa. Umeongeza, umepewa. Sasa unataka nini tena?"

"Nilitaka akatae."

"Akatae?"

"Akatae. Apige kelele, aseme mama unaniua, fremu mbili haiwezekani, chukua nusu fremu. Aondoke kwa hasira, arudi kesho. Nilitaka nione kinamuuma."

"Dada, watu wengine wamesoma, hawabishani kama wauza nyanya."

"Mimi nimesoma darasa la nne tu, lakini sijawahi kuona mtu mwenye nia ya kulipa akikubali bei ya kwanza. Anayekubali bila kubisha ni mmoja kati ya wawili. Ama hajui bei, na huyu anajua, maana alipima uani siku ya khitma. Ama ameshaamua hatalipa, na bei ya kitu usichokilipa ina tofauti gani ikiwa kubwa au ndogo?"

Nikamwita mpangaji. Nikamwambia amweleze mdogo wangu siku alipokuja kutaka chumba.

"Eh, bibi! Si tuligombana kutwa nzima?" Akashika kiuno, akamgeukia mdogo wangu. "Nikamwambia ukuta una ufa, akaniambia sufuria haziumwi na ufa. Nikamwambia naenda zangu Mchikichini, akaniambia nenda na unisalimie huko. Nilifika mpaka kona, nikarudi nikiwa na hasira."

"Na kodi yake imewahi kupotea?" nikamuuliza mdogo wangu.

Alikaa pale alipokuwa amekaa mgeni, akashika kichwa. Aliponyanyua uso hakuwa na ukali tena, na hapo nilipata taabu zaidi kuliko alipokuwa mkali.

"Dada, wewe unaona uani na kaburi. Mimi naona maji. Kila masika wanangu wanalala juu ya meza. Nina mafungu mawili ya nyumba ya Kariakoo na wanangu wanalala juu ya meza. Nimwambie nini mke wangu, kwamba dada amemkataa tajiri kwa sababu hakumtukana?"

Nikamwambia, "Mwambie yule mtu arudi abishane. Akibishana, nitaweka dole kwenye mkataba."

Alikwenda. Alirudi na jibu kwamba mama asiwe na wasiwasi, kila alichosema kitakuwa, na kama kuna lingine aongeze. Nikasema basi, sikubali. Mdogo wangu akasimama mlangoni. "Ukifa, nitakubali mimi siku hiyo hiyo."

"Sawa. Ngoja nife kwanza."

Akaondoka bila kuniaga. Aliacha hata mchele niliokuwa nimemfungia.

Hatukusemeshana mpaka mvua zilipoanza. Kisha mke wake akapiga simu akilia, maji yameingia mpaka kwenye kabati. Nikamwambia waje, vyumba vipo. Walikuja kwa kirikuu, magodoro yamelowa, mdogo wangu amekaa nyuma na ndoo miguuni. Nikampa chumba cha shangazi. Hatukuzungumza habari ya mwekezaji. Tulianika magodoro uani, yakachelewa sana kukauka kwa sababu ya yale maghorofa.

Bado wapo. Watoto wamezoea, wanampigia kelele mpangaji wangu wakimwita mama mabeseni, naye anawafukuza kwa ufagio na kuwapa chapati. Mdogo wangu anaamka, anasalimia, anakwenda kutafuta riziki. Nilianza kudhani mambo yameisha.

Juzi nilitoka kununua dawa ya magoti. Nikamwona kwenye kona, amesimama na yule mtu. Yule mtu ameweka mkono begani kwake, wanacheka. Sikupita karibu. Nilizunguka mtaa wa nyuma kwa magoti haya haya.

Jioni nikamuuliza, huku nikichambua mchele nisimtazame. Akasema walikutana tu, wakasalimiana.

"Mlibishana chochote?"

"Hapana, dada," akasema, na akanimiminia chai bila kuombwa. "Tunaelewana kabisa."