Kahawa imeniumbua Dar

Nyie wajukuu zangu mlioko Matiri, hamna akili hata mmoja! Miaka yote hii mmeniacha nilime kahawa bila kuniambia kwamba ni chungu?

Nipo Dar es Salaam, mara yangu ya kwanza. Mji gani huu, watu wanapishana bila salamu kama wamegombana wote.

Leo mjukuu wangu Skola kanipeleka hotelini kuonana na mama wa mchumba wake. Ndani baridi kama kwetu mwezi wa saba. Mezani wameweka bakuli la kahawa iliyokaangwa, eti pambo. Mimi huyo, nikaanza kuchambua punje kama niko kwenye chanja ya kuanikia.

"Hii mbovu. Hii imeliwa na mdudu. Mama, mimi kahawa nimezaliwa nayo, hakuna wa kunidanganya!"

Yule mama akafurahi, akaniagizia kikombe.

Nikapiga funda kubwa, la mtu anayejua.

Jamani!

Nililitema lote kwenye kitambaa cheupe cha meza. Skola akafunika uso.

"Bibi, kwani kwenu mnainywaje?" mama akauliza.

"Kwetu tunaiuza. Tunakunywa chai."

Kacheka mpaka machozi. Nikajua uchumba umevunjika hapo hapo. Kumbe wapi! Anasema watakuja Matiri kuleta posa, na anataka kahawa ya mkono wangu.

Haya, chekeni mmalize. Halafu leo hii hii kaangeni, twangeni, mnywe wote mpaka mzoee. Atakayetema mbele ya wakwe, nitampita bila salamu kama mtu wa Dar.