Kadi Yenye Sauti Nne

Naikumbuka vizuri siku niliyonunua simu ya tachi pale Tunduma mjini, mdogo wangu. Nakusimulia kwa sababu nasikia na wewe unataka kuacha ile yako ya batani, ili usikilize nyimbo vizuri ukiwa kazini. Si vibaya. Mimi pia ndivyo nilivyotaka.

Nilikuwa nashona nguo kwenye mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma, kando ya barabara kuu, na cherehani bila muziki inachosha. Simu yangu ya batani ilikuwa na memori kadi iliyojaa nyimbo za huku kwetu na za Zambia, nilizowekewa kwenye kibanda cha kompyuta. Kwenye kadi hiyohiyo kulikuwa na kitu kingine. Mzee Siwale, mwalimu wetu wa kwaya, alipokaribia kuhamia Kamsamba kwa binti yake, alinikalisha kanisani akaimba nyimbo saba alizotunga mwenyewe. Kila wimbo aliuimba mara nne: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Sisi hatusomi noti. Tunajifunza kwa kusikiliza, kila kundi sauti yake, halafu tunaunganisha. Alinichagua mimi kwa kuwa simu yangu ilirekodi vizuri, na kwa kuwa sikuwa mtu wa maneno mengi. Alidhani mtu mkimya hutunza vitu.

Dukani muuzaji aliniuliza, "Kaka, nikuwekee Kiswahili au Kiingereza?"

Walikuwepo wateja wengine watatu, wawili Wazambia, wanachanganya Kibemba na Kiingereza na kucheka mambo yao. Mimi niliishia darasa la saba. Nikasema, "Kiingereza tu." Hakuna aliyeniangalia. Sijui nilikuwa namwonea nani aibu.

Nikarudi Mpemba, nikaitoa kadi kwenye simu ya zamani, nikaichomeka kwenye mpya. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, na chini yake sehemu mbili za kubonyeza. Jirani yangu, Mama Neema, muuza vitenge, anakijua Kiingereza, maana anauziana na Wazambia kila siku. Alikuwa amekaa hatua tano tu kutoka kwangu.

"Vipi, inakusumbua?" akauliza.

"Aa, iko poa, mama."

Nikabonyeza ile ya bluu, kwa sababu iling'aa zaidi. Simu ikazunguka kidogo, ikatulia. Kadi ilikuwa tupu. Baadaye nilikuja kujua kwamba simu ilikuwa inaniomba ruhusa ya kufuta kila kitu.

Nyimbo za kawaida niliwekewa tena kibandani. Zile za mwalimu hazikuwepo kwa mtu mwingine yeyote, na kwaya ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujifunza. Kwa wiki tatu nilikwenda mazoezini na visingizio: chaji imeisha, kadi nimeisahau nyumbani. Sauti ya tatu wakaanza kupotea, wakawa wanafuata ya pili. Kiongozi wetu akasema, "Tukienda kwenye tamasha la kwaya Itumba hivi, tutaimba kama mbuzi walionyeshewa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka pamoja nao, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mwishowe nikapanda basi kwenda Kamsamba. Nilimkuta Mzee Siwale barazani, joto kali, anashona mdomo wa gunia la mpunga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Kwaya haijafa?"

Nikamweleza yote. Hakuacha kushona.

"Maandishi uliyaona?"

"Niliyaona."

"Uliyaelewa?"

"Hapana, mwalimu."

"Na ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

"Basi siku ukipewa sumu yenye maandishi ya Kiingereza utakunywa, ili watu wasijue kwamba hukuelewa." Akavuta uzi, akaukata. "Nilidhani unanyamaza kwa sababu unafikiri. Kumbe unaogopa. Na hizi wiki tatu je? Ungekuja siku ileile. Kwa umri wangu, wiki tatu ni nyingi."

Akaomba maji, akanywa, akaniambia nirekodi. Nyimbo tano zilitoka zote, sauti nne nne. Wimbo wa sita alikumbuka sauti ya kwanza tu. Ulipofika wa saba alifumba macho muda mrefu, akagusa goti lake kutafuta mapigo, akaacha.

"Huu umekwenda," akasema. Akavuta gunia la pili.

Itumba tuliimba, na tuliimba vizuri. Wimbo wa saba hakuna mtu anayeuimba tena mahali popote.

Mdogo wangu, nunua simu hiyo. Lakini kabla ya kuchomoa kadi, nakili vilivyomo kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini, na uanze na sauti za watu, maana nyimbo za kibandani zitapatikana tu. Iwekwe Kiswahili, hata kama duka limejaa. Usichokielewa usikibonyeze; kuna mtu hatua chache kutoka kwako anayejua, na pengine ameshakuuliza kama unataka msaada. Mjibu ukweli. Ukiharibu kitu cha wenzako, waambie siku hiyohiyo, wakati aliyekitengeneza bado anaweza kukirudia.

Mungu akujalie kazi ya mikono yako na masikio yanayosikia vizuri mpaka uzee. Na siku utakayokutana na jambo usilolijua mbele ya watu, akufungue mdomo mapema.