Zamu ya Maji Niliyoitoa

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea watoto wa kaka yangu. Nilichonacho nimekitafuta kwa mgongo huu: nyumba ya matofali ya kuchoma hapa juu milimani, shamba la mpunga kule Maore, na tangawizi ambayo wachuuzi wa Same hunipigia simu kuiulizia ikiwa bado ardhini. Mume wangu alikufa mapema. Sikurudi kwetu, sikuolewa tena, sikuomba mtu chumvi. Wanaume wa kijiji walipoanza kuniita dume, nilifurahi, nisidanganye. Niliona nimepewa cheo.

Binti yangu ndiye aliyeniharibia raha hiyo. Yeye amesoma hadi chuo kikuu, anafanya kazi Dodoma, na maneno anayo: mfumo dume, usawa wa kijinsia, haki ya kumiliki. Kiangazi kilichopita alikuja likizo. Tulikuwa tumekaa jikoni tunachambua maharage ya makande, nikamweleza kwamba shemeji yangu, ambaye ni mwenyekiti wa mfereji, hunikalisha na wazee wakati wa kugawa maji.

"Wanakuambiaje?" akauliza.

"Kwamba mimi ni mwanaume mwenzao."

"Na mama wa hapo jirani?"

"Yule mjane? Yule ni mwanamke tu, mwoga."

"Kumbe ukiweza unakuwa mwanaume, ukishindwa ndiyo unabaki mwanamke. Mama, hapo wamekusifu wewe au wametutukana sote?"

Nilimwambia aangalie mawe kwenye maharage, tusije tukavunjika meno. Lakini usingizi wangu aliuchukua.

Huku kwetu tunamwagilia kwa ndiva. Ni bwawa la mawe na udongo. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, alfajiri mwenye zamu huzibua tundu la chini, maji yakashuka shambani kwake. Tundu limezibwa kwa gogo lililokazwa na udongo na majani ya mgomba. Gogo hilo hung'olewa na kurudishwa na mwanaume. Mwanamke akiligusa, maji yatahama, ndivyo tulivyokuzwa. Matope ya ndiva hayana mwiko. Siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wanawake ndio tunaojaa mle ndani na majembe, na hakuna maji yaliyowahi kuhama kwa sababu hiyo. Hata mimi, pamoja na udume wangu wote, zamu yangu ilikuwa ikifunguliwa na shemeji.

Kiangazi hicho mfereji ulikuwa umepungua hadi unasikia mawe yake. Tulipomaliza msaragambo, wanaume wakakaa ukingoni juu, nami pamoja nao. Wanawake wakabaki chini, matope magotini. Shemeji akasimama.

"Maji hayatoshi. Kuanzia kesho, nyumba zisizo na mwanaume zitasubiri. Hatuna watu wa kuzunguka kuwafungulia. Yakibaki, watapata."

Huko chini yule mjane jirani yangu akaacha kukung'uta jembe. Alikuwa na watoto wadogo na shamba moja tu, maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, umepanda majani. Kila mtu pale alijua.

"Baba," akasema, "hapo hakuna kubaki. Si mnauona mfereji?"

"Utapata, mama. Vumilia."

Kisha shemeji akanigeukia na tabasamu. "Shemeji, wewe haikuhusu. Zamu yako ya kesho iko palepale. Wewe si wa kundi lile."

Wazee wakacheka kwa wema. Tangawizi yangu ilikuwa imeanza kukunja majani. Zamu ile niliihitaji kama dawa. Nikamwangalia mjane, naye akawa anaangalia chini. Hakutegemea kitu kwangu. Hilo ndilo lililonichoma.

"Kesho maji yangu achukue huyu," nikasema.

"Umempa? Haya, mali yako. Nani atamfungulia? Mimi sifungui."

"Atafungua mwenyewe."

Kelele zikapanda. Bibi mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, akanipigia ukelele kutoka matopeni: "Utatukausha! Mali imekupanda kichwani!" Mzee mwingine akasema kama ni lazima, basi nifungue mimi, maana mimi nafahamika. Shemeji akaidaka hiyo. "Sawa, ufungue wewe. Wewe tunakuruhusu."

Hapo ndipo maneno ya binti yangu yaliponiingia barabara. Nikifungua mimi, watasema dume limefungua, na wenzangu watabaki walipo.

"Mimi siruhusiwi," nikasema. "Ni mwanamke."

Alfajiri tukaenda, mimi, binti yangu na mjane. Wanaume walikuwa wamefika kabla yetu, wamejifunika mablanketi. Hakuna aliyetuzuia, hakuna aliyeitikia salamu. Mjane alisema shikamoo mara mbili, ikaanguka chini.

Akashuka, akaondoa udongo, akashika gogo. Akavuta. Halikutikisika.

"Limemkataa!" mmoja akacheka.

"Mwulizeni kama na ugali huusonga hivyo."

Akavuta tena, mguu ukateleza, akaanguka kwa goti. Akaniangalia. Mikono iliniwasha. Gogo lile ningeling'oa. Nimebeba magunia maisha yangu yote. Binti yangu akapiga hatua, nikamshika kanga.

"Mwache."

"Mama, ataumia!"

"Mwache, nimesema."

Nikaificha mikono yangu nyuma na kumwambia mjane, kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Usivute kama unayeomba. Lizungushe kwanza."

Akalizungusha kushoto, kulia, huku analia kwa hasira. Majani ya mgomba yakachomoka. Kisha gogo likatoka lote kwa mara moja, likamtupa chali, na maji yakamrukia usoni, mekundu kwa udongo. Akainuka, akachukua jembe, akaanza kukimbia kando ya mfereji ili ayawahi kwenye michepuko kabla hayajapotea kwenye mashamba ya wengine.

Wanaume walikuwa wakiyatazama. Nadhani walikuwa wanasubiri yasimame. Mimi pia, mtu wa kanisa, nilikuwa nayatazama hivyohivyo.

Hayakusimama.

"Tangawizi yako itakufa, shemeji," mwenyekiti akaniambia taratibu. Alisema kweli, sehemu kubwa ilikauka, nikaing'oa ikiwa bado changa. Kisha akapaza sauti kumfuata yule mama bondeni: "Na kuziba ataziba nani?"

Mjane alikuwa ameshafika mbali. Hakugeuka.

"Nakuja kuziba mwenyewe, baba! Niache ninyweshe kwanza!"