Fotei Uani

Wewe unayejiandaa kuuza nyumba, kaa hapa nikueleze taratibu, maana jambo hili si gumu. Mnunuzi hanunui matofali. Ananunua jinsi atakavyojiona ameketi humo.

Kwetu Kalemie, miaka ile ya Zaire, mtu mwenye uwezo alitaka kujiona katika salo, yaani sebule, yenye ukuta wa rangi mbili za mafuta: chini kahawa, juu maziwa, na mstari ulionyooka katikati. Alitaka sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ing'ae, rido, yaani pazia, kwenye kila mlango, na vitambaa vya kufuma juu ya fotei, vile viti vikubwa vya kuegemea. Ukuta wa chokaa ulikuwa umepitwa na wakati.

Wetu ulikuwa wa chokaa.

Tulikuwa tunauza kwa sababu ya papa, baba yangu. Tumbo lake lilikuwa limevimba, na muganga wa hospitali alisema upasuaji ule ungewezekana ng'ambo tu, Kigoma. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza. Alipatikana mfanyabiashara mmoja wa Manono aliyetaka kuhamia karibu na bandari. Mke wake alikuja kwanza, akazunguka vyumba vyote, akagonga ukuta kwa kidole.

"Nyumba ni nzuri, mama," alimwambia mama yangu. "Lakini salo hii inafanana na dispanseri. Mupake mafuta. Siku ya posho nitakuja na papa wa nyumbani, bwana yangu, aone."

Mama akapata rangi kwa watu wa maboti ya Kigoma. Tukaanza Ijumaa asubuhi, mimi na yeye, kesho yake ikiwa posho, yaani Jumamosi. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu wengi hukosea: rangi ya mafuta haipakwi juu ya chokaa. Itabanduka kama gaga la kidonda. Lazima ukwangue kwanza, ufute vumbi, ndipo upake. Na huwezi kukwangua salo yenye vitu. Tukatoa fotei zote nne, meza, na kabati la vioo, tukavipanga uani. Papa alikuwa amelala chumba cha nyuma. Tukafunga mlango wake na kuziba chini kwa kitambaa chenye maji, vumbi lisimfikie.

Wa kwanza kupita alikuwa jirani yetu mwenye beseni la ndagala, yaani dagaa, kichwani. Aliona fotei nje. Kwetu fotei hutolewa salo siku moja tu: siku ya kilio, ili wanawake wapate nafasi ya kutandika mikeka na kukaa chini. Na mtaa mzima ulijua papa anaumwa. Beseni likashuka. Mikono ikapanda kichwani.

"Yoo! Papa yetu ametuacha!"

Mama akatoka mbio kumnyamazisha. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa, macho mekundu kwa vumbi, machozi yanamtiririka.

"Hajakufa! Tunapaka rangi!"

"Lia tu, mama," jirani akamkumbatia. "Usijikaze. Lia."

"Nakwambia tunapaka rangi!"

"Ndo huzuni hiyo inasema. Lia, mama yangu."

Walikuja wengine, kisha wengine. Wanaume wakaleta viti na gogo la kuwasha moto. Kila aliyeelezwa alimwona aliyekuja nyuma yake analia, akalia naye. Niliingia kwa papa nikamkuta ameinua kichwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, papa. Wameona fotei nje."

Alisikiliza kidogo. "Huyo wa sauti kubwa, si yule hanisalimiaka?"

"Ni yeye."

"Ee. Kumbe ananipenda." Alicheka, kisha akashika tumbo na kugeukia ukutani.

Mfanyabiashara na mke wake walisikia habari ya kilio wakiwa bandarini, wakapanda kuja kutoa pole kama watu waungwana. Niliwakimbilia njiani, nikawaeleza yote: chokaa, fotei, papa mzima kitandani. Mwanaume alimtazama mke wake.

"Binti yangu, nimekusadiki," mke akasema kwa upole. "Lakini watu wote hawa walimulilia bila kuuliza hata mara moja. Basi wanajua. Siwezi kuleta watoto ndani ya nyumba inayongojea maiti."

Hawakurudi. Wengine waliotumwa kuiona walikwisha kusikia habari kabla ya kufika kwetu.

Mama alimaliza kupaka. Alisema rangi ikishafunguliwa haitunziki. Mstari wa katikati aliuvuta kwa uzi uliopakwa masizi, ukanyooka vizuri kuliko ya nyumba nyingi za mtaa ule.

Papa alikufa kabla ya msimu wa mvua kwisha. Tulitoa fotei tena, na safari hii majirani walikuja polepole, mmoja akisimama kwanza barabarani kuuliza kama ni kweli. Walikaa kwenye mikeka, migongo yao ikiegemea rangi ya kahawa. Mmoja alipitisha kiganja ukutani, akamwambia mama, "Mulipaka vizuri." Mama akaitika, "Aksanti."

Kwa hiyo, kama una mgonjwa ndani na unataka kupaka salo, vitu viache mahali pake kwanza. Pita kwa majirani, mlango kwa mlango, uwaambie unapaka rangi, na uwaonyeshe kopo. Kisha rudi, utoe fotei ya kwanza.