Kichwa Kilichogoma Kuondoka

Ndugu zangu, chekeni tu, mimi nimeshalia. Nilisomea Mbarara kutengeneza programu za simu, nikarudi kambini kwetu Nakivale najiita fundi. Kanisa letu likanipa kazi ya programu ya matangazo. Mama Furaha, kiongozi wa akina mama, akalalamika: "Nikivuta chini, kichwa ya tangazo inapotea. Sijue nasoma nini."

Nikakigandisha kichwa cha tangazo pale juu kwenye skrini, kisisogee. Jumapili nikasimama mbele ya waumini, kifua mbele: "Fungueni simu, vuteni mpaka chini. Kichwa hakitoki!"

Kweli hakikutoka. Tangazo la kwanza lilikuwa "Wapendwa Wetu Waliofariki". Majina ya marehemu yakapita, yakaja ya wachumba, ya wanakwaya, ya wazee wa kanisa, na juu yao wote kichwa kikabaki kilekile cha marehemu. Nilipoona watu wameinamia simu zao, nikadhani wananistaajabia.

Bibi harusi mtarajiwa akaanza kulia. Mama Furaha akavuta mpaka mwisho kabisa, pale nilipoandika jina langu kwa fahari, akainua macho.

"Pole sana, mutoto yangu," akasema kanisa zima likisikia. "Na weye uko humu. Tunakuzika saa ngapi?"