Bibi wa Uthiru na Salamu za Saa Kumi

Mjukuu wangu anaandika hadithi za mwanamuziki mmoja ambaye hata hajui kwamba mjukuu wangu yupo duniani. Anaziandika kwenye simu, wenzake wanazisoma na kudai nyingine. Juzi alinijia ameshika shavu: "Bibi, niambie ukweli. Nimtumie azisome, ama ninyamaze?"

Nikamwambia aniondokee mbele yangu. Alipokwenda jikoni nilijuta, maana mtoto hakunikosea. Aliuliza swali lililonishinda mimi kabla mamake hajazaliwa. Basi na ajibiwe. Nitayaandika yaliyotokea, kisha aamue mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba yangu alikuwa na duka la kanga katikati ya Nairobi, Mtaa wa Biashara, na sisi tulikaa ghorofani juu yake. Tulikuwa watu wa Mombasa. Baba alikuwa pia maalim: alfajiri anasomesha watoto Kurani, mchana anauza kanga, na Jumapili, duka likiwa limefungwa, mke na mume waliogombana huletwa kwake awasuluhishe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza kupiga taipu katika chuo kidogo mle mjini. Ruhusa hiyo niliipata kwa machozi ya mwezi mzima. Shangazi yangu wa Mombasa alikwisha nitafutia mume, na baba alisema wazi kwamba upuuzi wangu wa kwanza utanipandisha gari-moshi.

Kila saa kumi ya jioni redio ya dukani ilifunguliwa kwa ajili ya kipindi cha salamu. Watu walijaza kadi, wakataja wanaowasalimu, wakazituma kwa posta, na mtangazaji akazisoma moja baada ya nyingine mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Waliozoea kutuma walijipachika lakabu, huyu Simba wa hapa, yule Malkia wa pale, mradi nchi nzima iwajue. Na huyo mtangazaji sasa! Sauti nzito, tulivu, na kicheko kifupi ambacho ukikisikia unatamani wewe ndiye uliyemchekesha. Kabla ya kadi ya kwanza alikuwa akiuliza: "Mmeshindaje huko mliko?" Wallahi, duka zima lilijibu. Baba, wateja, hata fundi cherehani wa barazani: "Tumeshinda salama!" Ungedhani mtu yumo mle ndani anangoja jibu.

Nilimpenda. Niseme nini tena? Uso wake sikuwahi kuuona. Sikujua kama ana mke wala sikutaka kujua.

Chuoni tulitakiwa kupiga kurasa kadhaa kila siku ili vidole vizoee. Mwalimu alihesabu kurasa, hakuzisoma. Nikaacha kunakili barua za biashara nikaanza kumpigia taipu mtangazaji wangu maisha mengine. Katika hadithi yangu alikuwa na mpenzi huko Uthiru, mwanamke mwenye nyumba ya mlango wa kijani. Kila Jumamosi humwendea, naye humpikia chai ya tangawizi. Lakini kabla hajaketi, kabla hajaigusa hiyo chai, humwuliza: "Umeshindaje?" Kisha anamsikiliza mpaka amalize. Wasichana waliniambia utamu wote wa hadithi ulikuwa hapo, kwenye kule kusikiliza.

Uthiru niliichagua kwa sababu rafiki yangu wa chuoni alitoka huko. Wazee wake walikuwa watu wa kanisa, wenye ng'ombe na vyumba vya kupangisha, na mlango wa kijani ulikuwa wa kwao. Nilikwenda mara moja, nikatetemeka kwa baridi mpaka mamake akanivika koti la mzee. Rafiki huyo ndiye aliyenifundisha kuweka karatasi za kaboni ili ukurasa mmoja utoke mara nne. Nakala nne zikatoka chuoni, zikaingia maofisini kwa waliotutangulia, na huko wakaziongeza kwa taipu zao wenyewe. Sikujua zimefika wapi.

"Tumpelekee yeye nakala moja," rafiki yangu alisema. "Si ni mtu kama watu? Atafurahi."

"Akizisoma nitakufa," nikamjibu.

"Basi kufa, lakini ajue."

Sikukubali. Niliona haya. Laiti ningekubali siku ile.

Maana wasomaji wale, wasichana wa taipu wa mji mzima, walikuwa pia watu wa kadi za salamu. Siku moja saa kumi na kitu nikamsikia anasoma: "Na salamu zimwendee Bibi wa Uthiru, anayekupikia chai ya tangawizi kila Jumamosi, ewe mtangazaji wetu." Akacheka kile kicheko chake. "Haya, Bibi wa Uthiru, salamu zako hizo!" Nikadondosha mkasi. Kwake yeye ilikuwa lakabu kama lakabu nyingine, mtu na utani wake. Kesho yake ikaja kadi nyingine, mtondo yake nyingine, na kila mara alicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipanda ngazi za chuo nikijiona mtu mkubwa.

Wiki ya pili aliingia dukani mwanamke mrefu, mteja wetu wa siku nyingi, ambaye kwa kawaida alisoma maneno ya kanga kumi kabla ya kuchagua moja. Siku hiyo hakutazama kanga. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamwambia baba:

"Maalim, nataka unisemee kwa mume wangu anipe ya tatu."

Baba akaniashiria niende nyuma. Nilikwenda, ila pazia halizuii sauti. Kwa maneno ya baba nikajua ni mke wa nani: wa mtangazaji wangu. Walikwisha kuachana mara mbili na kurudiana mara mbili. Talaka iliyobaki ilikuwa moja tu. Ikitamkwa hiyo, kwa dini yetu basi, hakuna tena kurudiana mpaka mke aolewe kwingine kwanza. Watoto wao watatu walikuwa wadogo.

"Ana mwanamke Uthiru," mke alisema. "Ofisini kwa ndugu yangu wasichana wote wanamjua. Wanajua mpaka rangi ya mlango. Na sasa anamsalimu redioni, Maalim, mbele ya nchi nzima, na kumchekea. Mimi nipo jikoni nasikia."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema ni lakabu. Lakabu gani inayopika chai?"

Baba akamwomba asubiri hadi Jumapili, aje na mumewe.

Nilikuwa na siku nne. Rafiki yangu nilimkuta chuoni anabadilisha utepe wa taipu, nikamweleza. Yule aliyetaka nakala ipelekwe haraka sasa aligeuka. "Wachana na hiyo maneno," akasema, vidole vyeusi. "Babako atakutoa shule. Halafu wewe hukuandika ati yeye ni mwizi. Ni hadithi tu. Wao wenyewe watamaliza."

"Watamaliza vipi na imebaki moja?"

Akarudi kwenye utepe wake. Nami nilizunguka na siri ile siku nne kama mtu aliyemeza kaa la moto. Mara tatu nilisimama mbele ya baba, na mara tatu nikamwuliza kama anataka chai. Mwoga mkubwa nilikuwa!

Jumapili walikuja. Mtangazaji alikuwa mtu mfupi, mwembamba, na nilitazama mlangoni kuona kama anafuatwa na mwingine mwenye sauti. Aliposema "Asalaam aleikum" nikatambua ndiye. Waliketi dukani, milango imefungwa, baba katikati. Kazi yangu ilikuwa kuleta kahawa. Kurasa nilikuwa nazo chini ya buibui, zimelowa jasho.

"Apa," mke alisema. "Apa hapa mbele ya Maalim kwamba humjui."

"Siapi kwa upuuzi! Nimekwambia mara mia. Unanifanya mtoto?"

"Basi niache."

"Unaitaka? Unaitaka kweli? Ukiitaka utaipata sasa hivi!"

Baba akainua mkono. "Nyamaza! Usilitamke hapa kwa hasira!" Lakini yule bwana alikwisha simama, na mdomo ulikwisha funguka.

"Nimeandika mimi," nikasema.

Sinia ikanitoka, vikombe vikavunjika. Hakuna aliyevitazama. Nikazitoa kurasa nikampa baba, nikalia, nikasema yote pamoja bila mpangilio: taipu, kaboni, wasichana, kadi. Kwamba hakuna mwanamke. Kwamba mlango wa kijani ni wa kina rafiki yangu, na ndani yake kuna mama wa kanisa mwenye ng'ombe wanne.

Baba alisoma mstari mmoja, akanirudishia. Sijapata kuona uso ule tena. "Soma," akasema. "Kwa sauti."

Jamani, nilisoma. Mbele ya baba yangu, mbele ya mtu niliyemwandika, mbele ya mkewe. Yeye bwana aliinamisha kichwa, masikio mekundu, na mahali fulani akatoa kile kicheko chake, cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mkewe hakucheka. Nilipofika Jumamosi, kule kwenye "Umeshindaje" na yule mwanamke anavyoeleza siku yake mpaka mwisho, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena, mwanangu."

Nilipomaliza baba alimgeukia mke. "Alhamdulillahi. Binti yangu, sababu imeondoka."

"Nimeamini, Maalim," mke alisema. "Hana mwanamke Uthiru. Mtu huyu aliyesomwa hapa mimi simjui." Aliongea polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka kumi na mmoja niko naye. Kila siku saa kumi anaiuliza nchi nzima imeshindaje. Mimi akirudi nyumbani ananiuliza chakula kiko wapi. Nilipodhani ana mwanamke, Maalim, niliumia, lakini nilipata na nafuu. Nilisema kumbe kuuliza anakujua, ila anampa mwenzangu. Kumbe hampi mtu. Kule kuuliza kumebuniwa na mtoto wa watu."

Baba akamgeukia mume. "Umesikia. Basi muulize sasa."

Yule bwana akamtazama mkewe. Mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akikosa neno, alifungua mdomo akaufunga. Mwishowe akasema, "Nianzeje?"

"Umeona, Maalim?" mke akasema.

Baba alijitahidi saa nzima baada ya hapo. Alimtajia watoto, akamtajia Mungu. Mke alijibu kwa adabu na hakusogea hata shubiri. Mwisho mume mwenyewe alisema hatamshika mtu asiyetaka kushikwa, akatamka ya tatu. Hakupiga kelele. Aliitamka kwa ile sauti tulivu anayofungia kipindi.

Nilingoja adhabu, haikuja. Baba hakunipandisha gari-moshi. Siku kadhaa baadaye, usiku baada ya chakula, alisema, "Umesema kweli, na kweli haina lawama. Lakini ulimchukua mtu bila kumwuliza." Nilimjibu kwamba kama ningemwambia yule bwana mapema, angeijua lakabu na asingezisoma zile kadi. Baba akasema huenda. Nikamwuliza, na kama nisingesema kabisa? Angeitamka kwa hasira, akasema baba, na wangeachana kwa uongo badala ya kweli. "Ipi afadhali, sijui. Mimi ni mwalimu wa watoto tu." Nilizichoma kurasa zangu jikoni. Zile nyingine, zilizokuwa mjini, sikuweza kuzifuata, maji yakimwagika hayazoleki.

Kipindi kiliendelea. Alirudi kazini Jumatatu ile ile, na hakuna msikilizaji aliyejua lolote. Kadi za Bibi wa Uthiru hakuzisoma tena. Kicheko nacho kikapungua, au ni masikio yangu. Saa kumi ikifika aliuliza na duka likajibu, nami nilijifanya nakunja kanga ili nisijibu.

Mwanamke yule tulimwona tena alipomaliza eda. Aliingia jioni moja, amekonda kidogo, amependeza, akakaa kwenye kigoda kile kile. Nilijificha nyuma ya majora ya vitambaa, naye akaniona akanitolea salamu kama si kitu. Alianza kusoma maneno ya kanga, moja moja, kama zamani. Sikutazama saa. Baba naye hakutazama, maana kama angetazama angewahi kuizima redio.

"Mmeshindaje huko mliko?"

Baba alikuwa amekwisha nyoosha mkono kwenye kitufe, na fundi cherehani alikwisha fungua mdomo. Yule mwanamke akainua uso kwenye kanga, akaitazama redio.

"Nimeshinda vyema," akaijibu. Kisha akamwambia baba ampe doti ile ya zambarau, na amfungie vizuri maana nje kulikuwa na manyunyu.